Sogeeni kidogo, wamama

Juma lililopita tulialikwa kutazama teatre. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiri sale yenye viti vilivyopangwa, pazia, na watoto wa shule wanaosahau maneno yao siku ya kufunga mwaka. Mara hii mwaliko ulikuwa wa namna nyingine. Ulisema: «Njooni saa nane mchana, katika lupango mmoja kule Katuba. Vaeni vikwembe kama watu wanaokwenda kwenye kilio. Msilete viti.»

Tulikwenda wamama 11 wa kikundi chetu cha likelemba. Mlangoni pa lupango tulikuta kijana ameketi na kaye na biki. Hakutuuliza tiketi. Alituambia tu: «Poleni na kilio, wamama.» Akaandika majina yetu, kisha akatuonyesha sahani ya michango, kama inavyofanyika kwenye kila kilio mjini kwetu. Mmoja wetu alifungua pindo la kikwembe akatoa franka zake bila kufikiri. Jioni, aliporudishiwa franka hizo, ndipo tulipofahamu vizuri kwamba mchezo ulikuwa umeanza pale mlangoni, na kwamba sisi tulikuwa ndani yake.

Kilio kisicho na maiti

Ndani hapakuwa na jukwaa. Lupango wenyewe ndio ulikuwa jukwaa: nyumba ya vyumba vitatu, jiko la nje, mwembe, na choo kule nyuma. Wanaume walikaa kuzunguka mbabula, wakiongea kwa sauti ya chini. Sebuleni kulikuwa na mikeka, na ukutani picha ya mwanaume. Mjane alikaa pembeni, kichwa kimefungwa, watoto wawili wameegemea mapaja yake.

Hakuna aliyetuonyesha mahali pa kukaa. Basi tulifanya kile tunachofanya siku zote. Wengine tuliingia ndani tukakaa karibu na mjane, wengine tulikwenda jikoni kusaidia kuchambua matembele, wengine tulibaki chini ya mwembe.

Katika sale, watu wote wanaona jambo moja kwa wakati mmoja. Hapa kila mmoja alipata kipande chake. Wale wa jikoni walimsikia dada wa marehemu akiuliza polepole: «Funguo za kabati ziko kwa nani?» Wale wa chini ya mwembe walisikia ndugu za marehemu wakihesabu: lupango ukiuzwa utaleta kiasi gani, watoto watakwenda kwa nani. Wale wa sebuleni hawakusikia chochote cha hayo. Wao walimsikia mjane akieleza kwamba bwana yake alimpa kaka yake mkubwa karatasi za lupango ili amtunzie, na kwamba mashini ya kushona iliyo pale pembeni aliinunua yeye mwenyewe siku zamu yake ya likelemba ilipofika.

Kila kipande peke yake kilikuwa maneno ya kilio tu. Tulipoviunganisha baadaye, tuliona kwamba hesabu ilikuwa imekwisha kufanywa kabla machozi hayajakauka.

Kisha mashemeji wawili wakaingia sebuleni. Hawakupiga kelele. Walisema wanakuja «kupanga vitu vizuri». Wakachukua televisheni. Wakarudi wakachukua godoro. Mara ya tatu wakashika mashini ya kushona. Mashini ni nzito, na sebule ni ndogo. Yule mkubwa akatutazama, akasema kwa heshima kabisa: «Sogeeni kidogo, wamama.»

Nasi tukasogea.

Tulikunja miguu, tukavuta vikwembe vyetu, tukawapa njia. Mmoja wetu hata aliinua pembe ya mkeka ili wasijikwae. Mashini ikapita mbele ya macho yetu, ikatoka nje. Ndipo mama mmoja wa makamo, aliyekuwa ameketi katikati yetu muda wote kama mfiwa, akapiga mikono. Waigizaji wote wakasimama kimya pale walipokuwa. Kumbe yeye ndiye alikuwa mwongozaji wa mchezo. Akatuuliza: «Wamama, mashini imepita wapi?»

Hakuna aliyejibu. Ilikuwa imepita katika nafasi tuliyoifungua sisi wenyewe.

Teatre hii inatoka wapi?

Kabla ya kuendelea, tueleze kidogo asili ya namna hii ya kuigiza, maana tuliuliza na tukasoma.

Hapa Lubumbashi, teatre kutoka kwenye sale na kwenda mahali watu wanapoishi si jambo geni. Wazee wetu wanalikumbuka kundi la Mufwankolo, lililochekesha na kufundisha mji mzima kwa Kiswahili chetu katika redio na televisheni. Mwaka 1986 kundi hilo lilitengeneza mchezo juu ya ule msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Walikwenda kuucheza katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, na watu wa kijiji wakaingia katika mchezo pamoja nao. Johannes Fabian, mtaalamu wa mila za watu aliyekuwa akifuatana nao, alitoa kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1990.

Ile desturi ya kumwita mtazamaji aingie abadilishe mchezo ilianzia Amerika ya Kusini, kwa Augusto Boal, mtu wa Brazili aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2009. Mwaka 1973 alikuwa Peru, akifanya kazi katika mpango wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Habari hii inatugusa sana sisi walimu.

Boal mwenyewe alisimulia kwamba mama mmoja asiyejua kusoma alimletea kisa chake. Bwana wa mama huyo alimpa makaratasi ayatunze, akimwambia ni ya maana sana. Siku moja mama akamwomba jirani amsomee. Zilikuwa barua za mapenzi kutoka kwa mwanamke mwingine! Waigizaji wakacheza kisa hicho, kisha wakauliza watu: huyu mama afanye nini bwana akirudi jioni? Kati ya watazamaji mama mwingine, mwenye mwili na nguvu, akatoa shauri: azungumze naye kwa uwazi kabisa. Mwigizaji akajaribu, yule mama akasema sivyo. Akajaribu tena, sivyo. Mwishowe Boal akamwambia apande mwenyewe aonyeshe. Mama akapanda, akashika ufagio, na yule aliyecheza bwana akajua siku ile maana ya «kuzungumza kwa uwazi». Hapo Boal akafahamu kwamba kuna mambo ambayo mwigizaji hawezi kuyasema kwa niaba ya mwenye kuyaishi.

Katika nchi yetu, upande wa Kivu, shirika Search for Common Ground limetumia teatre ya namna hii masokoni na vijijini, juu ya ugomvi wa mashamba na juu ya wakimbizi wanaorudi kwao. Basi ndiyo hiyo iliyotufikia katika lupango wa Katuba.

«Simama!»

Mwongozaji alitueleza kanuni. Mchezo utaanza tena toka mwanzo. Mtu yeyote akiona mahali ambapo jambo lingeweza kwenda kwa njia nyingine, atasema «Simama!», atachukua kikwembe cha mwigizaji mmoja, na kuendelea mahali pake. Jambo moja tu lilikatazwa: kuchukua nafasi ya mashemeji. «Nje ya lupango huu,» alisema, «mashemeji hawatageuka wema kwa sababu ninyi mmetaka.»

Wa kwanza alikuwa mama kijana. Alichukua nafasi ya mjane, akapiga kelele, akawaita wezi. Mashemeji hawakumjibu. Waliwageukia watu wa nje wakasema: «Mnasikia? Ndugu yetu hajapoa kaburini, bibi yake anagombania vitu. Labda yeye anajua alikufa na nini.» Watu chini ya mwembe wakaanza kunong'ona. Mama yetu akakaa chini mwenyewe, akitetemeka. Alijua ni mchezo, lakini neno lile halina mchezo. Wajane wangapi wamenyamaza kwa kuogopa kuitwa wachawi?

Wa pili alipiga magoti, akalia, akaomba kwa jina la watoto. Walimsikiliza vizuri sana, wakampa pole, wakabeba mashini.

Wa tatu alikuwa mwalimu mwenzetu. Alisimama wima kama mbele ya darasa: «Kanuni ya familia haikubali jambo hili!» Shemeji mkubwa akacheka kidogo. «Sawa, mwalimu. Utuonyeshe karatasi ya ndoa.» Karatasi haikuwako. Mahari ilitolewa, wakwe walikula na kunywa, picha zilipigwa, lakini hakuna aliyekwenda komini kuandikisha. Na karatasi za lupango zilikuwa kwa kaka mkubwa. Mwalimu wetu akabaki bila neno. Sisi ambao kila siku tunawaambia watoto kwamba kilichoandikwa hakipotei, tuliona aibu.

Kisha akasimama mama ambaye hatukumtazamia. Ni mkubwa kwetu kwa umri, ni mjane wa miaka mingi, na kwenye mikutano yetu huongea kidogo sana. Tulifikiri atachukua nafasi ya mjane. Hapana. Alikwenda moja kwa moja kwa dada wa marehemu, yule aliyeuliza funguo, akamvua kikwembe cha mabegani, akakivaa yeye. Akasimama kwenye mlango wa sebule.

«Kaka zangu,» alisema, «mimi na ninyi tumezaliwa tumbo moja. Lakini mimi pia nimeolewa kwa watu. Siku bwana yangu atakapokufa, mashemeji zangu watakuja kwangu kama ninyi mlivyokuja leo. Wekeni mashini chini.»

Shemeji mkubwa akamwambia haya ni mambo ya wanaume. Mama hakubishana naye. Alikwenda akakaa juu ya mashini. Halafu akauliza: «Nani ana kaye?» Tukaleta ile kaye ya mlangoni. Akaanza kutaja vitu kimoja kimoja: televisheni, godoro, kabati, sufuria tano, mashini. Mmoja wetu akaandika, na kila mama aliyekuwa sebuleni akatia saini kama shahidi. Mwingine akatoka mbio kumwita shefu wa kartie pamoja na mzee mmoja wa ukoo ambaye watu wanamheshimu. Mashemeji wakarudi kujaribu kupita. «Sogeeni kidogo, wamama,» akasema tena yule mkubwa. Mara hii hakuna aliyekunja mguu.

Mwongozaji alipopiga mikono, mashemeji walikuwa bado na hasira, na karatasi za lupango zilikuwa bado kwa kaka mkubwa. Lakini mashini ilikuwa sebuleni.

Mama yetu alirudi kwenye mkeka. Tulimpigia makofi, yeye hakucheka. Akasema: «Kwenye kilio cha bwana yangu, aliyechukua funguo alikuwa dada yake. Na mbele ya hapo, kwenye kilio cha kaka yangu, aliyezichukua ni mimi.»

Sebule nzima ikanyamaza. Tangu siku hiyo maneno hayo hayajatutoka kichwani. Tumezoea kusema kwamba ukoo wa bwana ni mbaya, kana kwamba ukoo huo ni watu wa nchi ya mbali. Lakini kila mmoja wetu ni bibi katika lupango mmoja na dada wa marehemu katika lupango mwingine. Tunalia na mjane huku, tunauliza funguo kule. Teatre ya sale isingetuonyesha jambo hilo, maana tungekaa gizani tukiwahukumu waigizaji. Hapa tulikuwa tumeketi mkekani, na miguu iliyokunjwa ilikuwa yetu.

Sheria inasema nini?

Baada ya mchezo tulikaa chini ya mwembe pamoja na mama mmoja mwanasheria. Haya ndiyo tuliyoandika katika kaye zetu, nanyi mnaweza kuyasoma katika vikundi.

Kanuni ya familia ya nchi yetu ni ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ilisahihishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Katika urithi, watoto ndio wa kwanza, wa kike na wa kiume sawasawa, waliozaliwa katika ndoa na wale ambao baba aliwatambua alipokuwa hai. Wao wanapata robo tatu ya mali ya marehemu. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake.

Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana yake na kutumia vyombo vya ndani. Haki hiyo ni ya kukaa na kutumia, si ya kuuza. Tena sheria haimbagui: mwanaume aliyefiwa na bibi yake ana haki hiyohiyo.

Ndoa iliyofungwa katika familia, kwa mahari na desturi, inapaswa kuandikishwa kwa ofisa wa etasivili ndani ya mwezi mmoja. Wengi wetu tumechelewa kwa miaka. Tusikae tu kwa sababu tumechelewa: twende komini, bibi na bwana pamoja, tuulize njia, wote wawili wakiwa hai na wenye afya.

Na tangu 2016, mke haombi tena ruhusa ya bwana ili afanye mambo yake ya kisheria, kama ilivyokuwa zamani. Kwa mambo yanayowafunga wote wawili, wanapaswa kupatana.

Yale ambayo hayakutupendeza

Tuseme ukweli wote. Mmoja wetu alimzika bwana yake mwaka huu. Alipoona picha ukutani na mjane pembeni, alitoka nje akalia, na ilibidi wawili wetu wamsindikize nyumbani. Hakuna aliyetuambia mapema mchezo ni juu ya nini. Waandaaji walituomba radhi, nasi tumewashauri: mtu aambiwe mlangoni, na pawe mahali pa kupumzika kwa yule ambaye moyo wake umezidiwa. Watoto wadogo nao walikuwa wakizungukazunguka, na hawakufahamu kwa nini mama zao wanalia.

Tena mabwana zetu hawakuwako. Wanaume wengi tuliowaona chini ya mwembe walikuwa waigizaji. Mchezo huu ungefaa uchezwe siku ambayo wao wanapumzika, na mwaliko uandikwe kwa jina la bwana na bibi. Kijana aliyecheza shemeji mkubwa alituambia kwamba watu wa kartie wanamtukana njiani hata leo. Alisema hilo akicheka, lakini pia alituambia kwamba yeye mwenyewe amemwambia kaka yake aende komini na bibi yake.

Na teatre haimrudishii mtu nyumba. Mama yetu aliyekaa juu ya mashini siku ile alirudi jioni kwenye chumba anachopanga. Tulimsindikiza mpaka mlangoni.

Kwa vikundi

Mnaweza kucheza mchezo huu ninyi wenyewe. Hauhitaji sale wala taa. Chagueni lupango wa mmoja wenu, gaweni sehemu, chezeni mara moja mpaka mahali pabaya, kisha mruhusu watu waseme «Simama!». Waambieni watu mapema ni kilio cha kuigiza. Halafu zungumzeni juu ya maswali haya:

1. Kwenye kilio cha mwisho tulichokwenda, tulikaa wapi, tulisikia nini, na tulinyamaza juu ya nini?

2. Karatasi za ndoa na za lupango ziko wapi leo? Ziko kwa nani? Je, bibi na bwana wote wawili wanapajua mahali hapo?

3. Sisi kama dada, shangazi na mama wakwe, tumefanya nini kwa bibi za kaka zetu na za watoto wetu?

Kikundi chetu kimeanza. Kwenye likelemba ya Jumamosi tuliuliza nani ameandikisha ndoa yake komini, na mikono iliyoinuka ilikuwa michache. Juma lijalo watakwenda watatu pamoja na mabwana zao, na wengine watafuata. Tumenunua pia kaye moja ya kikundi. Mama aliyekaa juu ya mashini ndiye anayeitunza. Kukiwa na kilio kwa mmoja wetu, kaye hiyo itakwenda pamoja na mikeka na sufuria, na vitu vya nyumba vitaandikwa siku ya kwanza, mbele ya wote, kwa amani.

Na mtu akituambia tena tusogee kidogo, tutamuuliza kwanza anabeba nini, na anakipeleka wapi.